Kuhakiki bendi za marafiki zako

Ndugu yangu, unauliza kama uandike ukweli kuhusu bendi za muziki wa metali (heavy metal) za Nairobi ilhali nusu ya wanamuziki ni rafiki zako. Andika, ila taja urafiki huo mwanzoni. Msomaji atajua namna ya kukupima.

Sikiliza mara kadhaa kwanza. Tenganisha utunzi na urekodi: besi ikimezwa na gitaa, mara nyingi hilo ni suala la studio na pesa, si kipaji. Mwimbaji anayeishiwa pumzi katikati ya mngurumo, huyo mseme, na utaje wimbo gani, dakika ya ngapi. "Wametisha sana" haimsaidii mtu. Wala usimpime kila mtu kwa Duma, bendi ya watu wawili ya Nairobi, eti kwa kuwa albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikasikika hadi Ulaya. Wale wawili nao walitoka kwenye bendi hizi hizi za Nairobi. Na picha za mafuvu na moto, tafadhali, usizifanye ndiyo habari. Wapo wazazi ambao bado wanaamini watoto wao wanaabudu shetani.

Kuwaunga mkono? Lipa kiingilio hata ukialikwa bure. Weka kiungo cha Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako kwa kawaida hukatwa asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo pamoja na ada ya malipo, zinazobaki ni zao. Fulana nunua palepale ukumbini.

Rasimu usiwaonyeshe kabla ya kuchapisha. Wataomba tu ubadilishe.