Bepari hakuuza sukari ya robo

Mhariri, wiki hii mmeuliza neno "bepari" limetoka wapi, na kama bado linawafaa matajiri wakubwa wa leo. La asili nalimaliza upesi. Ni neno la Kigujarati, maana yake mfanyabiashara, basi. Lilifika mwambao huu na majahazi pamoja na hundi, laki na rupia, na kamusi za wakati wa Mwingereza zinalieleza hivyo hivyo bila tusi ndani yake. Ubaya lilikuja kuupata baadaye, hasa Azimio la Arusha la Februari 1967 liliposema kwamba nchi ya ujamaa haina ubepari wala ukabaila. (Kabaila naye zamani alikuwa mtu wa ukoo bora tu.) Linaloniuma mimi ni nani aliyebandikwa neno hilo.

Ami yangu alikuwa na duka Ngamiani, hapa Tanga, chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Kaunta ya mbao, mizani ya sahani mbili, na sabuni ya mche aliyoikata vipande kwa waya ili hata mwenye senti chache apate ya kufulia. Sukari aliuza robo, mafuta ya taa kwa kikombe. Alfajiri alifungua mwenyewe, usiku akafunga mwenyewe.

Mwaka 1983, kwenye ile vita ya wahujumu uchumi, serikali ilipowasaka walioficha na kulangua bidhaa, mnakumbuka hali ilivyokuwa: sabuni foleni, sukari foleni, na watu wakitupa mali vichakani usiku wasikutwe nayo. Wakaguzi walifika alasiri, ami ndiyo kwanza anatoka msikitini. Wakatoa vitu kimoja kimoja wakavipanga barazani. Kisha wakaingia chumba cha ndani, wakalifungua sanduku la bati wakakuta doti za kanga. Zilikuwa za binti yake, harusi imepangwa mfungo mosi. Mmoja akawa anazihesabu kwa sauti, mwenzake anaandika kwenye daftari, na kila doti ikifunuliwa mtaa mzima unaiona rangi yake. Pale mtu akapaza sauti: "Bepari huyo!" Watoto wakaitikia, maana shuleni tulikuwa tukifundishwa kwamba bepari ni kupe. Ami hakusema kitu, alishika tu ukingo wa kaunta. Mkewe ndiye aliyesema: "Bepari gani analala chumba kimoja na magunia?" Hakuna aliyemjibu. Ami alilala mahabusu, akaachiwa bila mashtaka. Kanga hazikurudi, na bibi harusi alivishwa za kuazima.

Nilishika kalamu nikiwa na nia ya kusema neno hili lizikwe. Lakini nikiandika namkumbuka babu mzaa mama. Yeye aliletwa kutoka Songea na Silabu, ofisi ya wenye mashamba ya kuwatafutia vibarua, akawa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa na kipande, kadi ya kazi yenye siku 30 za kutiwa alama. Siku ya kuumwa haikutiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka kipande kijae, hata kama mwezi ulikwisha zamani. Mkonge wetu ulikuwa wa kwanza duniani, mwaka 1964 ulipita tani 200,000, na babu alikufa hajawahi kuwaona kwa macho wenye shamba alilolikatia. Azimio lenyewe lilieleza wazi: tabaka ya juu ni ya wanaoishi kwa kazi ya wenzao. Kwa kipimo hicho, ami alionewa, na wale wa mkonge jina liliwakaa sawasawa.

Tukilizika, tuwaiteje? Tajiri ni sifa, kila mtu anaiombea mwanawe. Mwekezaji ni neno linalotaja alichoingiza tu, alichotoa halikitaji. Hapana, libaki. Ila mlitumie kwa uangalifu, maana mambo hayanyooki. Sewa Haji wa Bagamoyo alitajirika kwa kukopesha na kuandaa misafara ya bara, mizigo ikabebwa kwa mabega ya wapagazi. Kisha akatoa fedha za hospitali Dar es Salaam, na mpaka leo wagonjwa wanalazwa kwenye jengo lenye jina lake pale Muhimbili. Huyo alikuwa bepari kwa maana ya kwanza bila shaka, na kwa ya pili pia, naamini, wala wema wake siufuti.

Ugumu wangu uko nyumbani. Mtoto wa ami, mdogo wake yule bibi harusi, leo ana duka la jumla na malori. Vijana wanaopakia mizigo anawalipa kwa siku, hawana mkataba, na anayeumwa halipwi. Nampenda, amenisomeshea watoto. Lakini nikimpima kwa kipimo nilichompimia mwenye mkonge, neno linamfikia, na sioni haki ya kumvua yeye nikawavisha wengine.

Msomaji wenu, Tanga