Kwa wanaoanza kupima upitishaji wa umeme kwenye ini linalopashwa joto

Ninyi mnaojiunga na maabara hapa Mbeya mtaona kwamba ini la ng'ombe likipashwa joto hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na mtatamani kuchora mstari mmoja ulionyooka na kufunga kazi. Msifanye hivyo, kwa sababu joto hufanya mambo mawili tofauti ndani ya nyama hiyo.

La kwanza ni kwamba ayoni za chumvi, yaani chembe zenye chaji zinazobeba umeme, husogea kwa wepesi zaidi: upitishaji huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzijoto moja, na ini likipoa hurudi ulipokuwa. La pili halirudi. Joto likizidi nyuzi 40 na kitu kwa muda mrefu, tando za seli huanza kuharibika. Likifika 60, protini huganda upesi na wekundu wa ini hugeuka kijivu. Katika masafa ya chini, yaani mkondo unaobadili mwelekeo mara chache kwa sekunde, utando mzima huuzuia mkondo, ukalazimika kuizunguka seli. Utando ukipasuka, njia hufunguka. Katika masafa ya juu sana tofauti hiyo hupungua, kwa kuwa huko mkondo hupenya hata utando ulio mzima. Kwa hiyo pimeni mnapopasha, kisha pimeni tena ini likisharudi kwenye joto la mwanzo. Ongezeko linalobaki ndilo alama ya uharibifu. Binafsi, grafu isiyo na sehemu ya kupoa siihesabu.

Tumieni elektrodi nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kupima volti, la sivyo mtapima elektrodi badala ya ini. Ini lichukuliwe machinjioni alfajiri hiyohiyo. Lililokaa kwenye friza tando zake zimekwisha kupasuliwa na barafu. Andikeni joto la ndani ya nyama, si la chumba, hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai.

Vitabu husema kwamba karibu na nyuzi 100 maji ya nyama hugeuka mvuke na upitishaji huporomoka. Hapa tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, hivyo anguko hilo mtaliona mapema, na si kwamba kipimajoto kimeharibika. Mashine zinazounguza uvimbe wa ini kwa mkondo wa masafa ya redio hulifuatilia anguko hilohilo: ukinzani, yaani kinyume cha upitishaji, ukipanda ghafla, hupunguza nguvu, kwa kuwa nyama iliyokauka kandokando ya sindano inayoingiza mkondo huuzuia umeme usifike mbali zaidi.