Jibu: Kwa nini Stratocaster haichuji machoni?
Ndugu, umeuliza kwa nini Stratocaster, gitaa la umeme lililotoka mwaka 1954, bado linapendeza kuliko mengi ya juzi. Mimi naanzia mgongoni. Mtengenezaji wake, aitwaye Leo Fender, na wenzake walilichonga pale linapogusa mbavu, na ukingo wa mbele wakaulaza usiumize mkono. Urembo ulifuata mwili wa mpigaji. Hata zile pembe mbili zisizolingana zina kazi: vidole vifike sauti za juu kabisa, na pembe ndefu ishike mkanda ili shingo isiinamie chini.

Na Les Paul, gitaa la umeme la kampuni ya Gibson? Tamu, ila nzito. Simama nalo harusi nzima kule Kisauni, Mombasa, bega litakwambia. Rangi chukua ile ya njano inayoishia nyeusi pembeni. Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa nyuzi kila ukimaliza kupiga.