Makaratasi ya shule ya zamani: skana isubiri kwanza

Kila shule ikikaribia jubilei utaona grupu la watsapu limeundwa, michango imeanza, na mtu wa kwanza kuongea anasema tununue skana. Mimi nimefanya hii kazi ya kutunza makaratasi ya zamani kwenye shule moja kongwe hapa Mwanza, ya enzi za misheni, na nawaambia hiyo skana isubiri. Anza na mchwa na unyevu. Ziwa liko hapo hapo, masika ikiingia karatasi zinavimba, kwahiyo toa kila kitu sakafuni weka kwenye shelfu la chuma mbali na ukuta, na vitabu vilivyolowa vikaushe kivulini penye upepo sio juani. Pini zenye kutu toa taratibu. Selotepu usiguse kabisa, ikizeeka inaacha doa la njano halitoki.

Halafu usipange upya kwa akili yako. Kuna faili moja nilikuta barua za kulalamikia mahindi yaliyobunguliwa zimechanganyika na za mgomo wa wanafunzi, mwenzangu akataka kuzitenganisha, chakula huku nidhamu huku, nikamwambia we acha, si unaona mgomo wenyewe ulitokana na hayo mahindi?

Ila mali yenyewe ni rejesta ya kuandikisha wanafunzi. Namba, jina, jina la baba, kijiji, chifu (hii safu mbele huko imeachwa tupu, maana uchifu ulifutwa 1963), na mwisho kabisa sababu ya kuondoka. Hapo ndo utasahau hadi chakula cha mchana, mmoja karo imemshinda, mwingine kaenda kuvua hakurudi, mwingine kaandikiwa "mtoro" tu basi. Na sio stori tu, kuna wazee hawana cheti cha kuzaliwa, mwaka wao umeandikwa humo.

Ukikuta pengo miaka ya nyuma nenda parokiani. Shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na makaratasi mengine yalibaki kwa mapadre. White Fathers, wale wamisionari Wakatoliki, walifika Bukumbi hapa karibu na Mwanza 1883 na vituo vyao vilikuwa na kawaida ya kuandika shajara, mambo ya shule unaweza kuyakuta humo. Omba kusoma pale pale na kupiga picha, usiombe kuondoka na kitabu. Na kama shule ni ya serikali asije mtu akasema stoo imejaa tuchome, kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002, lazima Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka yenyewe iruhusu.

Picha sasa. Chukua penseli laini, majina yaandikwe nyuma pembeni, kalamu ya wino hapana. Wapelekee wazee, hata kama yuko Ukerewe panda kivuko umfuate, toa shikamoo, kaa, na usiulize "babu unakumbuka nini", muoneshe kidole: huyu nani, na huyu aliyeshika mpira? Akishataja wawili stori inakuja yenyewe, simu iwe inarekodi, kwa ruhusa yake lakini.

Baada ya hapo skani mnavyotaka, nakala ziwe sehemu zaidi ya moja, flashi ya mwalimu mmoja sio makumbusho. Ila vitabu vya adhabu na matokeo ya mitihani msitupie kwenye grupu, wengine humo sa hivi ni wakwe za watu.