Maswali na Majibu: Nukta za Tosheni kwenye Uwanja wa Fanksheni

Swali: Nukta ya tosheni ni ipi hasa?

Ni nukta ya mkunjo wa eliptiki (mkunjo wa aina y² = x³ + ax + b, ambao nukta zake zinaweza kujumlishwa) ambayo ukiijumlisha na yenyewe mara kadhaa unafika kwenye sifuri ya kundi. Idadi ndogo kabisa ya mara hizo ndiyo oda yake.

Swali: Mikunjo ya moduli inaingiaje?

Nukta ya mkunjo wa moduli uitwao X₁(N), ukiacha chache za pembezoni, huwakilisha mkunjo wa eliptiki pamoja na nukta yake ya oda N. Kwa namba wiano, Barry Mazur alilimaliza suala hili mwaka 1977: oda ni 1 hadi 10, au 12, basi. Ilikuwa kazi nzito mno. Sasa badala ya namba wiano weka fanksheni wiano za T zenye vizigeu changamano. Mkunjo unaobadilika kadiri T inavyobadilika, ukiwa na nukta ya oda N, unatupa fanksheni isiyo tuli kutoka kwenye mstari kwenda X₁(N). Hilo haliwezekani jenasi (idadi ya matundu ya uso wa mkunjo) ikiwa 1 au zaidi, na jenasi ya X₁(N) ni 0 pale tu N ni 1 hadi 10, au 12. Orodha ileile! Kwangu hii ni mojawapo ya hoja nzuri kuliko zote katika somo hili.

Swali: Nipe mfano wa tosheni ya moduli ya Drinfeld.

Moduli ya Drinfeld ni kanuni inayoipa kila polinomia ya T namna yake ya kuzidisha, na nukta ya tosheni ni ile inayopelekwa sifuri na polinomia fulani isiyo sifuri. Anza na ile ya Leonard Carlitz ya mwaka 1935. Polinomia za T, zenye vizigeu katika uwanja wa elementi q, zinashika nafasi ya namba kamili, na kuzidisha kwa T kunaipeleka x kwenye Tx + x^q. Chukua q = 2. Tx + x² ni x(x + T), kwa hiyo T yenyewe inakwenda sifuri. Kuzidisha kwa T + 1 kunatoa x(x + T + 1), nayo T + 1 inakwenda sifuri. Na 1? Ukiizidisha kwa T inakuwa T + 1, ambayo tumeona hatima yake. Nukta ni nne: 0, 1, T na T + 1. Hakuna nyingine ndani ya F₂(T), yaani fanksheni wiano za T zenye vizigeu 0 na 1. q ikizidi 2, inabaki 0 peke yake.

Swali: Je, cheo cha 2 kina nadharia kama ya Mazur?

Moduli za Drinfeld za cheo cha 2 (zile ambazo kuzidisha kwa T kunafika hadi x^(q²), si x^q tu), alizozileta Vladimir Drinfeld mwaka 1974, zina mikunjo yake ya moduli, ila hoja ya jenasi hapa haisaidii, kwani T imo tayari kwenye milinganyo ya mikunjo hiyo. Kwa q = 2, Ambrus Pál alithibitisha mwaka 2010 kwamba Y₀(p), mkunjo wa moduli wa ngazi p, haina nukta wiano juu ya F₂(T) pale p ni polinomia tasa ya digrii 3 au zaidi.