Mpira wa bustani na bomba la plastiki: fundi anajibu

Fundi, shikamoo. Hapa kwetu Morogoro bomba la PPR, lile la plastiki ngumu linalounganishwa kwa joto, limetokeza ukutani. Aliyelifunga alipasha moto mdomo wa bomba hilo, akaingiza mpira wa bustani ndani, akakaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Maji ya mgao yakija usiku, mpira unachomoka. Ninunue mpira mnene zaidi?

Marahaba. Hapana, hela ya mpira mpya iweke kwanza. Usiku majirani wamelala, koki nyingi zimefungwa, kwa hiyo presha hupanda. Ukanda wa tyubu hauna uwezo wa kuizuia. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungia mteja hivyo hivyo nilipokuwa najifunza kazi, na asubuhi tukakuta ukuta wa udongo wa jirani umelowa hadi usawa wa dirisha. Tangu siku hiyo sijafunga tena kwa tyubu.

Kinachowachanganya wengi ni vipimo. Bomba la PPR hupimwa nje: likiandikwa milimita 25, dukani wataliita robo tatu. Mpira hupimwa ndani: wa nusu inchi una tundu la milimita 13 hivi, wa robo tatu 19. Na tredi, yaani ile mistari ya kuzungushia, ya nusu inchi, ukiiwekea rula kwa nje, utapata karibu milimita 21! Nusu inchi hapo ni jina tu. Ndiyo maana nakuomba ubebe kipande cha bomba na kipande cha mpira uende navyo dukani, mjaribishe palepale.

Sehemu iliyopashwa moto ikatwe yote, maana plastiki yake imeshavutika na kuwa nyembamba. Kisha fundi mwenye mashine ya kuchomelea PPR aunge elbo (kiungo cha kona) yenye tredi ya shaba kwa ndani. Mashine iwe nyuzi joto 260. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye mashine sekunde 5, la 25 sekunde 7, halafu linasukumwa ndani ya elbo moja kwa moja bila kulizungusha. Elbo ifungwe imara ukutani kwa skrubu, kwa sababu watoto watauvuta huo mpira, na bomba lililoachwa likining'inia litapasuka siku moja.

Kwenye elbo funga koki ya bustani. Zungusha tepu nyeupe kwenye tredi ya koki mara saba hadi kumi, kwa upande uleule unaokazia, la sivyo itajivua unapokaza. Mdomo wa koki uwe na meno ya kushika mpira. Chovya ncha ya mpira kwenye maji ya moto ilainike, usukume hadi meno yote yafunikwe, kisha kaza klipu ya chuma kwa bisibisi juu ya meno hayo, isikae ukingoni.

Naweza kutumia gundi ya bomba badala ya mashine?

Kwa PVC, ndiyo. Gundi ile huyeyusha kidogo uso wa PVC na vipande viwili vikawa kitu kimoja. PPR haiyeyuki kwa gundi hiyo, wala bomba jeusi linalouzwa likiwa limeviringishwa kwa rola. Itakauka, itaonekana imeshika, na itaachia maji yakija. Bomba jeusi lina viungo vyake vya kukaza, vyenye raba ndani na pete inayong'ata bomba.

Kaka yangu ametuletea mpira na pua ya kunyunyizia kutoka Marekani. Kwenye koki yetu ya robo tatu unaingia mizunguko miwili, unakwama.

Usilazimishe, utaharibu koki. Tredi ya mipira ya Marekani ina mistari 11.5 kwa inchi, yetu ya robo tatu ina 14. Upana umekaribiana, ndiyo maana inaanza kuingia. Kata ncha ya upande wa koki tu, uvalishe mpira kwenye mdomo wenye meno kama nilivyoeleza hapo juu. Ncha ya pili iache na pua yake, hizo zinaelewana.

Tangi letu liko juu ya mnara wa mita 3. Mpira wa nusu inchi wenye mita 30 unatoa maji kidogo sana.

Maji yakisimama mita 10 juu hutoa presha ya baa 1, kwa hiyo nyie mna baa 0.3 tu, na mpira mrefu mwembamba unaimaliza. Tumia robo tatu kuanzia tangini hadi mwisho. Tundu lake lina eneo zaidi ya mara mbili ya nusu inchi.

Mpira wetu unaotoka bomba la mtaa huwa tunauacha ndani ya pipa la dawa ya mboga likijaa. Kuna ubaya?

Upo, na hili naomba mlichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika leo. Maji ya mtaa yakikatika ghafla, bomba hunyonya kurudi nyuma, na dawa ile inaweza kuvutwa hadi kwenye koki ya jikoni, kwako au kwa jirani. Ning'inizeni mdomo wa mpira juu ya pipa, usiguse maji, hata pipa likijaa. Kwenye koki ongezeni valvu ya njia moja, mshale wake uelekee bustanini. Na kama mpira umewahi kulala ndani ya dawa, msinywe kamwe maji yake, hata mkiusuuza.