Maswali ya Wasomaji: Mwingereza na Maili Kumi za Sultani

SWALI: Marehemu babu yetu alikuwa akisisitiza kwamba Mombasa haikuwa koloni la Uingereza bali ilipangishwa tu, na kwamba bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Fort Jesus mpaka 1963. Shuleni tulifundishwa kuwa Kenya nzima ilikuwa koloni. Nani alisema kweli, na hilo pango lilikuwa kiasi gani?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

JIBU: Kwa sheria babu yenu alisema kweli, ingawa kwa maisha ya kila siku mwalimu wenu naye hakukosea sana. Asili ya jambo hili ni mapatano ya 1886, ambayo kwayo Uingereza na Ujerumani, katika kugawana Afrika Mashariki, zilikubaliana kwamba Sultani Barghash bin Said abakiziwe visiwa vyake pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka karibu na Mto Ruvuma hadi Kipini, na miji michache ya Banadiri, yaani pwani ya Somalia. Barghash hakushirikishwa kama mwenye nchi; aliletewa maandishi yaliyokwisha kukamilika, akayaridhia kwa kuwa hakuwa na manowari za kuyakatalia.

Mwaka uliofuata alikodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda huo kwa wafanyabiashara walioongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli, ambao mwaka 1888 walipewa hati ya kifalme na kuunda Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Hiyo ilikuwa desturi ya Waingereza kuanzia India hadi Nigeria: mfanyabiashara hutangulia na daftari lake, na serikali hufuata anapoelemewa. Huyu alielemewa upesi, kwani reli ilikuwa haijajengwa, wapagazi walikuwa ghali, na gharama za Uganda zilimaliza mtaji.

Hapa ndipo inapoingia hesabu ambayo, kwa maoni yangu, inaeleza utawala wa Kiingereza vizuri kuliko vita vingi. Wajerumani walipojichukulia moja kwa moja pwani ya kusini mwaka 1890, yaani Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na Kilwa, walimlipa Sultani fidia ya maki (fedha za Kijerumani) milioni 4, ambazo zilikuwa takriban pauni 200,000. Mwaka huohuo Zanzibar iliwekwa chini ya himaya, yaani ulinzi, ya Uingereza. Kampuni ya Mackinnon ilipokubali kujitoa mwaka 1895 kwa malipo ya pauni 250,000, pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha hizo za fidia, zilizokuwa mali ya Zanzibar. Kisha, Desemba 1895, Uingereza ikaandikiana mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini kwamba itauendesha ukanda huo kwa niaba yake na kumlipa pauni 17,000 kila mwaka: 11,000 zikiwa pango, na 6,000 zikiwa riba ya asilimia 3 kwa zile 200,000. Sultani, basi, aligharamia mwenyewe kumwondoa mpangaji wa kwanza, na mpangaji wa pili ndiye aliyekuwa mlinzi wake na msimamizi wa hazina yake.

Hiari ya mkataba wa namna hiyo ilijulikana punde. Hamed alipofariki Agosti 1896, Khalid bin Barghash alikalia kiti bila idhini ya Waingereza, na tarehe 27 manowari zao zikaipiga mizinga kasri yake kwa muda usiotimia saa moja. Huko Gazi, Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa amekwisha kushika silaha tangu 1895, akashindwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1920 bara lilitangazwa kuwa Koloni la Kenya, na ukanda ukaitwa Himaya ya Kenya. Bendera ilibaki, na vilevile wakabaki maliwali na mamudiri, yaani watawala wa miji na wilaya kwa jina la Sultani, pamoja na makadhi, lakini gavana alikuwa mmoja, naye alikaa Nairobi. Hata Fort Jesus penyewe, chini ya bendera hiyo, Waingereza walipageuza jela hadi 1958.

SWALI: Ikiwa nchi ilikuwa ya Sultani, mbona Wamijikenda wengi wamebaki maskwota?
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Sababu kubwa ni sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mdai wa ardhi ya pwani alete ushahidi wake. Waarabu, Waswahili na Wahindi wengi waliweza kuthibitisha umiliki wa mtu mmoja mmoja. Wamijikenda, waliolima kwa haki ya ukoo, wengi wao hawakuweza, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Mpangaji, kumbe, alijiandikisha kuwa mwenye shamba.

SWALI: Mkataba huo ulivunjwaje?
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na madeni makubwa, India ikajitawala 1947, na aibu ya Suez mwaka 1956, ilipoivamia Misri kwa ajili ya mfereji ikalazimika kuondoka, ikadhihirisha kwamba haiwezi tena kushikilia nchi za mbali kwa nguvu. Kenya ilipokaribia uhuru, wafuasi wa Mwambao, vuguvugu la watu wa pwani, walitaka pwani ijitenge au irudi kwa Sultani, ilhali viongozi wa Kiafrika hawakuwa tayari kuipoteza bandari ya Kilindini huko Mombasa, lango la Kenya na Uganda. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza mwaka 1961, alishauri ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua zilizoahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi, mafunzo ya Kiarabu na kutambuliwa kwa hati za ardhi, na siku tatu baadaye mkataba wa kuukabidhi ukanda ukatiwa saini London.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye mapinduzi yakamwondoa Sultani Jamshid, na Kenya ikabaki na ahadi ambazo aliyeahidiwa hakuwapo tena kuzidai. Uliwali uliondolewa. Mahakama za kadhi zimo katika ibara ya 170 ya katiba ya 2010, zikiamua mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake.